Viini 3584 kwa viini 3584: namna ya kulinganisha kadi za grafiki za zamani na mpya bila kupotoshwa na jedwali

#1 MtegaFeni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kila mara naona mtu anabandika majedwali mawili, kadi ya zamani kushoto na mpya kulia, kisha anauliza ipi ina nguvu. Majibu huja haraka: hii ina viini vingi, ile ina teraflopu nyingi (trilioni za hesabu kwa sekunde), chukua hii. Nimewahi kununua kadi kwa kufuata jibu la namna hiyo nikajuta, ndiyo maana leo nimekaa kuandika kwa kirefu. Naanza na kadi mbili zinazoonyesha tatizo zima.

GTX 1080 Ti ilitoka Machi 2017. RTX 3060 ya GB 12 ilitoka Februari 2021. Zote ni za NVIDIA. Ya kwanza ina viini vya CUDA, yaani vijisehemu vya kukokotoa ndani ya chipu, 3584. Ya pili ina 3584. Namba ileile mpaka tarakimu ya mwisho. Mapigo ya 3060, yaani mwendo wa chipu, ni megahezi 1777, ya 1080 Ti ni 1582, kwa hiyo hata teraflopu zinaipa ushindi iliyo changa: 12.7 kwa 11.3. Hesabu yake kila mtu anaweza kuifanya: zidisha idadi ya viini kwa mbili, kisha kwa mapigo. 3584 mara 2 mara 1.777 (mapigo kwa gigahezi) ni takribani 12,737, ukigawanya kwa elfu unapata teraflopu 12.7.

Sasa ziweke kwenye gemu zilizotoka kabla ya 2021. Nyingi kati ya hizo zitakuonyesha 1080 Ti ikienda sambamba na 3060 au ikiitangulia kidogo. Kadi iliyozaliwa miaka minne kabla, yenye teraflopu chache, haiachwi.

Chanzo ni kwamba neno "kiini" si kipimo. Kilo ya mwaka 2010 ni kilo ya leo. Kiini cha CUDA ni jina ambalo mtengenezaji huamua lihesabu nini, na uamuzi huo umebadilika zaidi ya mara moja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa zamani kidogo. GTX 580 ya 2010 ilikuwa na viini 512. GTX 680 ya 2012 ikaja na 1536, mara tatu kamili. Aliyesoma jedwali tu alitarajia miujiza. Lakini viini vya 580 vilikuwa vinapiga megahezi 1544, mara mbili ya mapigo ya sehemu nyingine za chipu ileile. Kwenye 680 mpango huo uliondolewa, viini vyote vikashuka kwenye mapigo ya chipu yenyewe, 1006. Sababu ilikuwa umeme: viini vingi vya mwendo wa wastani hula kidogo kuliko vichache vinavyokimbizwa. Na kweli kadi ilishuka kutoka wati 244 hadi 195. Kwenye gemu ilipita ya zamani kwa theluthi na ushei. Ni hatua nzuri sana, ila haikuwa mara tatu.

Mabadiliko ya pili yalikuja 2020, na ndiyo yanayowachanganya wengi mpaka leo. Kwenye kadi za RTX 20, kila kundi la viini lilikuwa na njia 64 za kukokotoa namba za desimali, na pembeni njia nyingine 64 za namba kamili. Zilizohesabiwa kuwa "viini" ni zile za desimali tu. Kwenye RTX 30, njia za namba kamili zikapewa uwezo wa kukokotoa desimali pia, zikaingizwa kwenye hesabu, na kundi likawa na viini 128. Lakini kazi ya namba kamili haikutoweka. NVIDIA wenyewe, walipoeleza muundo wa RTX 20, walisema kwenye gemu kwa kila amri 100 za desimali huja wastani wa amri 36 za namba kamili. Amri hizo zikifika, nusu ya pili ya viini inapunguzwa kasi kwenye desimali ili izihudumie.

Ndiyo maana RTX 2080 Ti yenye viini 4352 na teraflopu 13.4 inakaa meza moja na RTX 3070 yenye viini 5888 na teraflopu 20.3. Ukifuata teraflopu utasema 3070 inaipita kwa nusu nzima. Kwenye skrini tofauti hiyo huioni.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: viini, mapigo na teraflopu vilinganishwe ndani ya kizazi kimoja cha mtengenezaji mmoja tu. 3060 na 3070, sawa. 4060 na 4070, sawa. Ukivuka kizazi, weka namba hizo pembeni, utafute majaribio ya gemu au programu unayoitumia wewe.

Zipo namba zinazovuka vizazi bila kubadilika maana: ukubwa wa memori, wati, idadi ya leni za PCIe (njia zinazounganisha kadi na madabodi), na orodha ya mambo ambayo kadi inayaweza au haiyawezi kabisa. Hizi watu hawazitazami, na ndizo zinazoamua kama kadi itakufaa ndani ya kompyuta uliyonayo.

Karibuni. Mwenye kunisahihisha anisahihishe.

#2 Pikseli_Moja

Mkuu, asante kwa uzi. Nina 1080 Ti hiyohiyo na nilikuwa nafikiria kuhamia RTX 4060. Kilichonisimamisha ni kasi ya memori. Yangu ina basi (njia kati ya chipu na memori) ya biti 352 na GB 484 kwa sekunde. 4060 ina biti 128 na GB 272 kwa sekunde. Ni karibu nusu. Inawezekanaje kadi ya 2023 iwe na njia nyembamba hivyo na bado watu waseme inapita ya 2017?

#3 MtegaFeni

Swali zuri, na tulitendee haki.

Kwanza namba zenyewe zinatoka wapi. Chukua upana wa basi, zidisha kwa kasi ya kila biti, gawanya kwa nane. 1080 Ti: 352 mara 11 gawanya kwa 8, unapata 484. 4060: 128 mara 17 gawanya kwa 8, unapata 272. Hesabu ni sahihi kwa kadi zote mbili.

Kilichobadilika ni mara ngapi chipu inalazimika kwenda kwenye memori. Fikiria nyumba ambayo kila anayetaka kunywa maji anakwenda kisimani. Njia ya kisimani lazima iwe pana. Ukiweka mtungi mkubwa mlangoni, safari zinapungua, na njia nyembamba inatosha. Mtungi huo ni kashe, memori ndogo iliyo ndani ya chipu yenyewe. RTX 3060 ina kashe ya ngazi ya pili ya MB 3. RTX 4060 ina MB 24. AMD, washindani wa NVIDIA, walitangulia njia hiyo mwaka 2020: RX 6800 XT ilikuja na basi ya biti 256 tu, lakini ndani ya chipu wakaweka MB 128 za kashe waliyoiita Infinity Cache.

Lakini mtungi una ukomo wake. Ukipandisha skrini kutoka 1080p kwenda 1440p na 4K, data ya kila fremu inaongezeka, kashe inajaa, na safari za kisimani zinarudi. Hapo wembamba wa basi unajitokeza. Linganisha RTX 3060 Ti yenye biti 256 na GB 448 kwa sekunde na RTX 4060 Ti yenye biti 128 na GB 288. Kwenye 1080p ya pili inatangulia kidogo. Kadiri pikseli zinavyoongezeka ndivyo faida hiyo inavyoyeyuka. Kwa hiyo nitajie skrini yako kwanza, ndipo nikwambie kama 272 inakutosha.

Na usidharau upande mwingine wa kadi hiyo. 4060 inakula wati 115. Yako inakula 250. Chipu ya 4060 ina milimita za mraba 159, ya 1080 Ti ina 471, yaani theluthi ya eneo, na bado ndogo ndiyo yenye transista nyingi zaidi: takribani bilioni 18.9 dhidi ya bilioni 12. Kila nikiziangalia namba hizo nakaa kimya kidogo. Kazi iliyofanyika kwenye viwanda vya silikoni kati ya 2017 na 2023 ni kubwa kuliko jedwali la viini linavyoonyesha.

#4 Soketi88

Nina la kuongeza na la kupinga, kaka.

La kupinga: maelezo yako ya namba kamili na desimali yanaeleza vizuri 2080 Ti na 3070. Hayaelezi 1080 Ti na 3060. Kwenye kizazi cha 1080 Ti pia amri za namba kamili zilipita kwenye viini vilevile vya desimali, zikipokezana. Kwa mantiki yako 3060 ilipaswa kuishinda waziwazi, kwa sababu angalau nusu ya viini vyake haisumbuliwi na namba kamili. Basi kinachoirudisha nyuma ni nini?

#5 MtegaFeni

Umenikamata mahali pa haki, na nashukuru. Nilirukia maelezo ya pili bila kuyamaliza ya kwanza.

Kadi zote mbili zina makundi 28 ya viini, kila kundi 128. Lakini kuchora picha si kukokotoa tu. Kuna vizio vinavyosoma tekscha, yaani ngozi ya ukuta, nguo, udongo. 1080 Ti inavyo 224. 3060 inavyo 112, nusu kamili. Kuna vizio vinavyoandika pikseli iliyokwisha kwenye memori, vile tunavyoviita ROP. 1080 Ti inavyo 88, 3060 inavyo 48. Ongeza kasi ya memori, 484 kwa 360, na kashe ya 3060 ambayo bado ilikuwa ndogo. Kwa hiyo kwenye gemu za zamani, ambazo kazi yao kubwa ni tekscha na kujaza pikseli, 1080 Ti ina mikono mingi zaidi. Kwenye gemu mpya zenye hesabu nyingi kwa kila pikseli, 3060 inapumua vizuri zaidi.

Hii inatupa somo la ziada: safu za jedwali ambazo watu wanaziruka, za vizio vya tekscha na ROP, zilieleza tofauti ambayo safu ya viini iliificha.

#6 Soketi88

Sawa, sasa la kuongeza. Upande wa AMD hadithi ni ileile. RX Vega 64 ya 2017: viini 4096, teraflopu 12.7, memori ya HBM2 yenye basi ya biti 2048. Mpinzani wake alikuwa GTX 1080, viini 2560, teraflopu 8.9. Kwenye gemu zilifukuzana bega kwa bega, na Vega ikila wati 295 dhidi ya 180. Halafu 2019 wao wenyewe wakatoa RX 5700 XT: viini 2560, teraflopu 9.75, wati 225, na ikaipita Vega 64. Viini vilipungua, teraflopu zikapungua, umeme ukapungua, fremu zikaongezeka. Muundo mpya ulikuwa unavipa viini kazi bila kuviacha vimekaa bure.

Vega haikuwa kadi mbaya, lakini. Waliokuwa na kazi za kukokotoa tu, zisizo za gemu, walizitumia teraflopu zile zote. Nguvu ilikuwepo, gemu ndizo zilizoshindwa kuifikia.

#7 BintiRenda

Hapo kwa kazi za kukokotoa nisimame kidogo. Mimi sichezi gemu. Nahariri video na nafanya renda za vyumba na samani, yaani picha zinazokokotolewa na kompyuta kutoka kwenye michoro ya 3D. Kwangu jedwali lenu nyote linakosa mambo mawili.

La kwanza ni memori. Gemu ikikosa memori inapunguza ubora au inakwamakwama. Renda ikikosa memori, kulingana na programu, ama inagoma kabisa ama inahamia kwenye RAM ya kompyuta na kutambaa. Nilikuwa na tukio lililozidi GB 8 kidogo tu. Kadi ya rafiki yangu, mpya na yenye kasi kuliko yangu, ilishindwa kulifungua. Yangu ya zamani yenye GB 12 ililimaliza taratibu. Kwa mtu kama mimi, RTX 3060 ya GB 12 ni chaguo la maana kuliko kadi kadhaa zilizoizidi namba.

La pili ni vifaa vya video ndani ya chipu. Havihusiani na viini hata kidogo. Kusoma AV1 (muundo wa kubana video) kulianza kwenye RTX 30 na RX 6000. Kuandika AV1 kulikuja 2022, kwa kadi za Intel Arc, RTX 40 na RX 7000. 1080 Ti haisomi wala haiandiki AV1 kwa chipu. Na kuna kadi mpya zilizopunguzwa: RX 6500 XT ya 2022 haina kabisa kifaa cha kuandika video, na haisomi AV1, ingawa ndugu zake wakubwa wa kizazi hichohicho wanaisoma. Mwaka wa kutoka hautoshi kukuhakikishia uwezo.

#8 MtegaFeni

Dada, hili la renda lilihitaji mtu anayelifanya kila siku. Ahsante.

Naunganisha na gemu. Uwezo wa "ndiyo au hapana" umeanza kuamua huko pia. Kufuata miale ya mwanga kwa vifaa maalumu kulianza na RTX 20 mwaka 2018 kwa NVIDIA, na RX 6000 mwaka 2020 kwa AMD. Kwa miaka mingi kilikuwa kitu cha kuwasha au kuzima. Sasa zipo gemu zisizofunguka kama kadi haina vifaa hivyo. 5700 XT tuliyoisifu hapo juu imeachwa nje ya mlango huo, ilhali RTX 2060 iliyotoka mapema mwaka huohuo wa 2019 inaingia.

#9 WayaMwekundu

Naomba nizungumzie leni za PCIe maana ndipo nilipoumia mimi.

Nilikuwa na kompyuta ya zamani yenye PCIe 3.0. Nikanunua kadi ndogo mpya, namba zake zote zilikuwa juu ya kadi niliyokuwa nayo. Nilipoifunga, gemu zikawa zinashtuka kila ninapoingia eneo jipya. Nilibadilisha draiva, nikasafisha Windows, nikabadilisha RAM. Wiki tatu nzima. Mwishowe nikasoma kwa makini ukurasa wa sifa: PCIe 4.0 x4. Plagi ya kadi ilikuwa na urefu wote wa kawaida, lakini leni zilizounganishwa ndani ni nne tu.

Leni moja ya PCIe 3.0 hubeba takribani GB 1 kwa sekunde, ya 4.0 takribani GB 2. Leni nne kwenye madabodi mpya ni kama GB 8. Kwenye madabodi yangu zikawa 4. Kadi yangu ya zamani, yenye leni 16, ilikuwa na 16. Na kwa kuwa kadi ile ndogo ilikuwa na memori ya GB 4, ilikuwa inajaa upesi na kulazimika kuchota kutoka RAM kupitia mlango huohuo mwembamba.

Nawaomba sana, kabla ya kununua angalieni kama ni x16, x8 au x4, na madabodi yenu ni kizazi gani. 4060 aliyoitaja Pikseli_Moja ni x8.

#10 Pikseli_Moja

Madabodi yangu ni PCIe 3.0 kweli. Kwa hiyo 4060 kwangu itapata GB 8 kwa sekunde. Ni tatizo?

#11 WayaMwekundu

Kwa x8 maumivu ni madogo, mara nyingi hutayaona, mradi memori ya kadi haijajaa. Ikijaa, ndipo utaujua mlango ulivyo. Na 4060 ina GB 8, wakati 1080 Ti yako ina 11. Hilo ndilo lingenifanya nisite, kuliko leni zenyewe.

#12 Soketi88

Jambo ambalo halijaguswa ni majina. Jina moja linaweza kubeba kadi mbili tofauti.

GTX 1060 ya GB 3 haikuwa ya GB 6 iliyokatwa memori tu. Ilikuwa na viini 1152, ya GB 6 ilikuwa na 1280. GT 1030 ilitoka na GDDR5, GB 48 kwa sekunde, kisha ikatoka nyingine kwa jina lilelile yenye DDR4 na GB 16.8 kwa sekunde, theluthi ya kasi. RX 580 ina viini 2304, lakini lipo toleo lenye 2048. RTX 3060 ya GB 12 ina biti 192, ya GB 8 ina biti 128. Anayenunua kadi iliyotumika afunge GPU-Z, programu inayoonyesha sifa za kadi, asome idadi ya viini, aina ya memori na upana wa basi kabla ya kukubaliana na muuzaji. Ni kazi ya dakika moja.

Wenye laptopu ndiyo zaidi. RTX 4090 ya kompyuta ya mezani ina viini 16384 na GB 24. RTX 4090 ya laptopu ina viini 9728 na GB 16. Chipu yake ni ile ya 4080 ya mezani. Tena hapo wati huamuliwa na mtengenezaji wa laptopu, kwa hiyo laptopu mbili zenye kadi ileile zinaweza kuachana mbali.

#13 FundiRungu

GTX 970 mmeisahau? Ilitangazwa 2014 kuwa na GB 4, ROP 64 na kashe ya MB 2. Januari 2015 NVIDIA wakakiri kwamba ROP ni 56, kashe ni MB 1.75, na memori imegawanyika: GB 3.5 za kasi na GB 0.5 za polepole. Jedwali rasmi lenyewe lilikuwa na makosa. Tangu siku hiyo nasubiri wapimaji wa nje kabla ya kuamini chochote.

#14 MtegaFeni

Kweli kabisa. Na waligundua watumiaji wa kawaida, walioona kadi inasita kuvuka GB 3.5. Ni heshima kubwa kwa watu wanaopima vitu vyao wenyewe.

Kuna tahadhari nyingine ya kipindi hiki kwenye upimaji: chati zinazochanganya fremu zilizochorwa na fremu zilizobuniwa katikati. Kuanzia RTX 40, kadi inaweza kutunga fremu kati ya fremu mbili halisi. RTX 50 zilipotoka 2025, mpaka tatu. Mwendo unaonekana laini zaidi, na kwa mwenye skrini ya herzi nyingi ni kitu kizuri. Lakini fremu hizo hazijibu kidole chako kwenye kipanya, kwa sababu gemu haijakokotoa chochote kipya. Januari 2025 RTX 5070 ilitangazwa jukwaani kuwa na uwezo wa RTX 4090. Kauli ile ilihesabu fremu za kubuniwa. 5070 ina viini 6144, 4090 ina 16384. Ukiona nguzo mbili kwenye chati, soma maandishi madogo chini: je, zote mbili zimepimwa kwa mipangilio ileile?

#15 BintiRenda

Na pawa saplai jamani. Sloti inatoa wati 75, plagi ya pini 6 wati 75, ya pini 8 wati 150. Anayetoka kadi ya wati 75 isiyo na plagi, kama GTX 1050 Ti nyingi, asidhani atachomeka tu kadi yoyote mpya.

#16 Pikseli_Moja

Wakuu, nimesoma yote mara mbili. Hali yangu ni hii: skrini 1440p, madabodi PCIe 3.0, pawa saplai wati 650, gemu ninazocheza nyingi ni za 2016 hadi 2020. Nilichokuwa nalalamikia ni kwamba kadi imepungua nguvu kuliko zamani. Nimesikia pia draiva za 1080 Ti zimesitishwa. Nifanyeje?

#17 MtegaFeni

Nianze na draiva. NVIDIA walitangaza 2025 kwamba Oktoba mwaka huo ndio mwisho wa draiva za gemu mpya kwa familia ya GTX 900 na GTX 10, na baada ya hapo marekebisho ya usalama kila robo mwaka hadi Oktoba 2028. Gemu zako za 2016 hadi 2020 hazitaharibika kwa hilo. Zitakazokusumbua ni mpya zinazokuja.

Sasa "kupungua nguvu". Kadi haisahau kukokotoa. Ikipungua, mara nyingi ni joto. Kadi za kizazi hicho hushusha mapigo zenyewe kadiri zinavyopata moto, na baada ya miaka minane pasta kati ya chipu na kipoozeo hukauka. Fungua GPU-Z ukiwa ndani ya gemu, tazama joto, mapigo, na ile safu inayosema sababu ya kushuka kwa kasi. Kama mapigo yapo chini ya 1582 na joto limepita nyuzi 84, umeshapata jibu kabla ya kununua chochote.

Kwa 1440p na gemu hizo nisingehamia kadi ya biti 128 yenye GB 8. Ukitaka kubadilisha, subiri upate yenye GB 12 au zaidi.

#18 Pikseli_Moja

Mrejesho. Joto lilikuwa nyuzi 86, mapigo yanashuka mpaka 1400 na kitu. Nimefungua kadi jana. Pasta ilikuwa imekauka kama chaki, na moja ya feni ilikuwa inazunguka kwa kusuasua. Nimeweka pasta mpya, nimebadilisha pedi za memori na feni ile. Sasa inakaa nyuzi 71 na mapigo yanasimama juu ya 1800 muda wote. Gemu ileile, mipangilio ileile, kigugumizi kimeondoka.

#19 WayaMwekundu

Safi sana kaka. Pedi umetumia unene gani? Nina 1080 Ti ya ndugu yangu hapa na nataka kuifungua wikendi.

#20 Pikseli_Moja

Unene unategemea aliyeiunda, usinakili wangu. Pima pedi za zamani kabla hazijachanika. Ukiweka nene kupita kiasi kipoozeo hakitaigusa chipu vizuri, na utarudi kwenye nyuzi 86 zilezile.